Kinyozi wa Makiso na Sheria Yake

Zuberi alikuwa kinyozi pale Makiso, katikati ya mji wetu, nami nilikaanga mikate pembeni ya mlango wake, kwa hiyo hakuna alilosema ambalo sikulisikia. Alikuwa na nyembe mbili. Mmoja ulikuwa wa ndevu za wakubwa. Mwingine, mdogo, aliufunga kwenye kitambaa cheupe, nao ulikuwa wa kunyolea watoto wachanga wa Waislamu wenzetu siku ya saba.

"Vichwa yote minanyoa, hakuna hata moja Mungu alikosea," alikuwa akisema. Kwa neno hilo tu nilimpenda, ingawa ukaidi wake ulinichosha.

Mwanzoni mwa mwaka 1964, msichana mmoja jirani yetu alipewa mizizi ya kutoa mimba, akaponea chupuchupu. Zuberi akachachamaa. Sheria ya Wabelgiji ya kukataza hilo ilikuwamo vitabuni, lakini sokoni mizizi iliuzwa peupe. Uhuru tumeshaupata, akasema, basi wabunge wa jimbo letu watunge sheria yetu wenyewe ya kulinda mimba, tena yenye meno. Wabunge hao walikutana jengo la pili kutoka kwetu, na karibu wote walinyolewa kwake. Alingoja povu lifike puani na wembe ufike kooni, ndipo aanze.

"Papa député, mutoto wa tumboni hana mudomo. Weye ndiye mudomo yake. Unakubali ile loi, ile sheria? Usiseme, utajikata. Inua kidole."

Nani asingeinua? Kufikia Mei alikuwa na vidole kumi na kimoja, nami nilicheka mpaka mikate ikaungua.

Kilibaki kidole cha Papa Séverin, mbunge wa kutoka Basoko, mtu wa masharubu makubwa, ambaye wenzake walimfuata kwa kila kura. Bila yeye sheria isingepita. Siku alipokuja kunyolewa, Zuberi alikuwa amemaliza shavu moja tu. Alipouliza swali lake, Séverin aliusogeza wembe kwa upole.

"Papa Zuberi, Aziza iko wapi?"

Mtaa mzima ulijua. Aziza, binti yake wa pekee, alipata mimba bila ndoa, na Zuberi akampakia kwenye lori kwenda kwa shangazi yake Banalia, akamkataza kurudi. Tangu hapo jina lake halikutajwa dukani.

"Loi itamwambia binti asitoe mimba," Séverin akasema. "Bon, iko loi muzuri. Lakini mutoto akizaliwa, nani atamufungulia mulango? Ya kwako umefunga. Fungua kwanza, nami nitainua kidole."

Zuberi akaweka wembe chini, akavaa kofia, akatoka. Alitoka kweli. Séverin alikwenda kikaoni akiwa na ndevu upande mmoja, na nasikia kikao kizima kilivunjika mbavu.

Siku ya tatu lori la Banalia likasimama mbele yetu. Zuberi alishuka kwanza, akamnyooshea Aziza mkono, tumbo likitangulia.

"Mama Fatouma, binti yangu iko na njaa," akaniambia, mbele ya wateja wangu wote.

Nikampa Aziza bakuli zima la mikate, nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Kura ilipangwa mwezi wa nane. Mwishoni mwa Julai Aziza alijifungua mvulana, na siku chache baadaye waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakaingia mjini. Bunge likatawanyika, kura haikupigwa, na watu wa serikali wakaanza kusakwa. Siku ya saba ya mtoto, tukiwa tumejifungia kwa Zuberi, Papa Séverin aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa amejifunga kitenge cha mke wake. Alitaka masharubu na ndevu zake viondolewe kabla havijamponza.

"Ngoja," Zuberi akasema. "Mutoto kwanza."

Akafungua kitambaa cheupe, akamnyoa mjukuu wake taratibu, Aziza akiwa amempakata. Zuberi alikuwa akitabasamu peke yake, nami sikuwahi kumwona akifanya hivyo kazini. Alipomaliza ndipo akamgeukia mbunge, akampaka povu. Wembe ulipofika kooni, Séverin akanong'ona.

"Na loi yetu, Papa Zuberi?"

"Nyamaza. Mutoto iko analala."

 Polepole, Séverin akainua kidole.