Kopo lisilo na kitovu

Émérance, ambaye Wamaza nzima inamwita Mama Estelle kwa jina la binti yake wa kwanza, anauza mchele palepale alipouza mama yake: mahali pa tatu kutoka kona ya soko, upande wa wauza chumvi. Ninamfahamu tangu akibebwa mgongoni. Hajui kusoma. Nimeishi na watu wengi waliosoma, na ni wachache ambao ningeacha mfuko wangu mbele yao nikaenda zangu. Mbele yake niliuacha miaka thelathini, nikaukuta umejaa sawasawa.

Alipimia kopo la chuma. Lilitoka kwenye kituo cha kilimo, zamani zile ambapo Leta, ndivyo tunavyoiita serikali, ilipanga kila kitu: nani alime pamba, nani alime mpunga, shamba liwe na upana gani. Monita, msimamizi wa kilimo, alikuja na kamba yake ya kupimia mashamba, na aliyepunguza hatua tano alilala gerezani. Baba yangu alilala huko mara mbili. Sisemi ilikuwa raha. Ninasema kamba ilikuwa na urefu uleule Lusangi na Kasongo, na lori lilikuja siku iliyotajwa. Mama yake Émérance ndiye aliyegawa mbegu mtaani kwao. Kituo kilipokufa, kopo likabaki mikononi mwake, kisha likaja kwa binti. Makopo ishirini yalijaza debe la kituo, kabla kutu haijalila. Tulilijaribu mara nyingi, wakati wa ugomvi na wakati wa mchezo, na debe lilijaa bila kupungua punje.

Sasa hakuna anayepanga. Vijana wako Salamabila wanachimba dhahabu, na mchimbaji mwenye njaa haulizi bei. Mwaka juzi, mvua zilipoanza, mfanyabiashara mmoja mwenye pikipiki, Gérard, alianza kuufuata mchele Lusangi, mlangoni mwa wakulima, kabla haujafika sokoni kwetu. Alilipa zaidi kuliko wauzaji wetu wote. Tulikaa Wamaza tukihesabu pikipiki zinazopita na magunia. Kopo la faranga elfu moja likakaribia elfu mbili. Walimu wakalalamika, wauguzi wakalalamika, na watu waliokimbia vijiji vyao, ambao hata elfu moja ilikuwa taabu kwao, wakanyamaza tu.

Ndipo karatasi ikabandikwa penye mti wa matangazo. Kopo la mchele, faranga elfu moja, katika masoko yote. Atakayezidisha atanyang'anywa mchele na mahali pake. Niliisoma kwa sauti mbele ya watu, mara mbili, na mara ya pili nilisimama wima. Nilidhani Leta imefufuka.

Karatasi ilisema kopo. Haikusema lipi. Wiki haikuisha, wauzaji wa mchele wakaokota mawe, wakageuza makopo yao na kuyagonga matako hadi yakabonyea. Nje kopo lilikuwa lilelile na bei ileile. Ndani kilisimama kilima kinachokula robo ya mchele. Wenyewe walikiita kitovu, na walicheka walipokitaja.

Wote walifanya hivyo ila Émérance. Na wateja si wajinga. Wakajipanga mbele yake tu.

"Mama Estelle," alisema Célestine, jirani yake sokoni, mwanamke mwenye ulimi, "kopo yako haina kitovu. Iko kama mutu asiyezaliwa."

"Imezaliwa mbele yako."

"Basi itakufa mbele yangu. Weye unanunua Lusangi bei ya Gérard, unauzisha Wamaza bei ya Leta. Hiyo akili umeipata ku kanisa gani?"

Wanawake wakacheka. Lakini Célestine hakuwa akicheka, na maneno yake yalikuwa kweli. Kila kopo aliloliuza Émérance lilimla. Alimaliza mchele wa kununua, akamaliza mavuno yake, na wiki ya nne akafungua kapu la mpunga wa mbegu, akautwanga. Mpunga ukishatwangwa ni mchele, na mchele hauoti. Alijua hilo kuliko mimi. Alibaki na gunia moja, na likiisha hilo angekuwa hana cha kuuza wala cha kupanda, na mahali pa mama yake pangechukuliwa na mwingine, kwa maana pale sokoni mahali patupu pana siku saba tu. Nilimwambia asubiri, Leta itarekebisha. Aliendelea kutwanga.

Siku ya soko iliyofuata akafika ajenti wa bei na polisi wawili. Alikuwa kijana msafi, viatu vyake vimechafuka kwa njia tu. Asubuhi alinywa chai kwa chefu, mkuu wa mji wetu, nami nilikuwepo. Alisema mizani waliyoahidiwa haijafika, na kwamba amesikia habari za vitovu, lakini atathibitishaje? Kila muuzaji atasema kopo lake ndilo kopo.

Ilikuwa miaka mingi sijapata mtu wa Leta wa kunisikiliza. Nikamweleza kituo, monita, kamba, debe. Nikasema, katika soko hili kopo la kweli ni moja tu, na nikamtajia jina la mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshapanda alipoingia sokoni, mimi nyuma yake. Polisi mmoja akasimama kona ya chumvi, mwingine upande wa pili, na hakuna muuzaji wa mchele aliyeweza kutoka. Wanawake ishirini na watatu. Kuku waliofungwa miguu wakasikika soko zima.

"Mama, unipe kopo yako," alisema ajenti. "Sikunyang'anyi. Napima makopo ya benzako, nakurudishia."

"Iko ya mama yangu."

"Najua. Muzee amenieleza yote."

Émérance akanitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kulala. Kisha akamrudia ajenti.

"Ukishapima, wale wenye kitovu utawafanya nini?"

"Sheria. Muchele unakamatwa, unapelekwa ku depo."

"Depo gani, chef?" Célestine akadakia, amelikumbatia gunia lake kwa mikono miwili. "Ile yenye mbuzi ndani?"

Mtu mmoja akacheka, maana ghala la Leta lilikuwa limegeuka zizi, kisha akajizuia. Gérard alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kando ya barabara. Akapaza sauti: "Chef, acha bei itembee! Ikipanda hapa, muchele wenyewe utarudi. Muchele unafuata bei kama mbuzi anafuata chumvi."

"Leta ndiyo inapanga," alisema ajenti bila kugeuka.

"Panga basi mvua nayo!"

"Gérard, nyamaza!" Ni Émérance aliyesema. "Weye ulikula muchele ya Lusangi yote, sasa unakuja kutufundisha. Na weye, chef, karatasi yako ilikuja, je, muchele ulikuja nayo? Kila mutu anaongea juu ya kichwa yetu."

"Mama, kopo."

"Nisipokupa?"

"Nitasema mumepatana wote. Nitafunga mustari muzima, na weye wa kwanza."

Polisi wa kona akasogea hatua mbili. Sasa kila mtu aliona jinsi mambo yalivyokaa. Akilitoa kopo, wanawake ishirini na wawili wanapoteza mchele wao, na kwa baadhi yao huo ndio chakula cha nyumbani. Atabaki peke yake mstarini, mwenye haki, na hatakuwa na mtu wa kumwangalizia gunia. Akilificha, anaanguka nao.

Akainuka. Akauchukua mchi uliokuwa umeegemea kinu cha Célestine. Akalifudikiza kopo juu ya jiwe, akapiga.

Chuma cha zamani hakikubonyea. Kopo liliruka, likabingirika mpaka miguuni pangu. Sikuinama. Célestine aliliachia gunia lake, akaja akaliokota, akaliweka juu ya jiwe na kulishika kingo kwa mikono yote miwili.

"Piga, yaya, dada yangu. Usinivunje vidole tu."

Alipiga mara tatu. Ya tatu ilitoa sauti nyingine, sauti fupi. Akaligeuza, akatazama ndani, akampa ajenti.

"Pima sasa."

Kijana alilishika kopo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Akaniuliza: "Muzee, kopo ingine ya kweli iko?"

"Haiko," nilisema. Na haikuwepo.

Bila kopo la kulinganisha, hakuweza kuwafanya wengine lolote. Lakini mtu wa Leta hawezi kurudi mikono mitupu, hilo halijabadilika tangu zamani. Aliandika kwamba mwanamke huyo ameharibu ushahidi, na polisi wakaubeba mchele wake, gunia lile la mwisho. Mahali pake akamwachia. Gunia lilifungwa juu ya pikipiki ya kukodi, na hatukulisikia tena.

Jioni ile wanawake walipita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akamwagia kopo moja. Makopo yenye kitovu. Gunia halikujaa, na tena ulikuwa mchele, si mbegu. Hakuna shamba alilopanda msimu ule.

Karatasi ilinyeshewa, ikachanika, hakuna aliyekuja kuitangua. Bei ikatembea, kama Gérard alivyotaka. Mchele ulirudi kweli, na walionunua ni wale wenye dhahabu ndani ya nyumba.

Kopo halikunyooka tena. Émérance anapimia hilo hilo, lakini baada ya kulijaza huchota kwa mkono mara mbili na kuongeza, kwa kila mtu, hata mgeni aliyekimbia kijiji. Mkono wake umejua kitovu kinakula kiasi gani. Nimesimama mbali nikahesabu: wa kwanza mara mbili, wa pili mara mbili, mtoto aliyetumwa mara mbili.

Zamu yangu ilipofika, alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya magoti. Akajaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akalimwaga katika mfuko wangu. Nilisubiri kidogo, nimeushikilia mfuko wazi. Akamtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Nikaufunga.