Asubuhi Seva Mbili Zilipokataa Kuambiana Njia

Mimi nina hasira za karibu, na Jumapili ile zilinishika kabla hata sijanywa chai. Binti wa kwanza wa ndugu yangu alikuwa anawekwa wakfu kanisani Mwihoko, huku Ruiru, saa tano. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo ndugu yangu alikuwa ameshaanza kumwita "mami". Mama mwenyewe alikuwa kitandani Kamenu, kule Thika, mpira wa oksijeni puani, daktari amekataa asipandishwe gari. Aliomba kitu kimoja: amwone huyo mtoto mikononi mwa mchungaji. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba hakuwa na Jumapili nyingi.

Kazi yangu ni kuwasambazia majirani intaneti hapa Mwihoko. Kamenu kuna mzee, fundi wa simu aliyestaafu, anayefanya kazi hiyo hiyo, na ndiye aliyemvutia mama waya. Jumamosi wachimba barabara walikata kebo inayotuunganisha na intaneti ya nje. Data ya simu nayo ikakwama, kila mtu ameikimbilia. Lakini mimi na mzee tulikuwa na antena zinazotazamana, kwangu Ruiru hadi kwake Thika, na programu ya video ilikuwa kwenye mashine yangu. Kilichobaki ni seva zetu mbili ziambiane njia: yangu iseme kanisa linafikiwa kupitia kwangu, yake iseme mama anafikiwa kupitia kwake. Zote zinatumia programu za bure, kila moja imeandikwa na watu wake, watu ambao sitawahi kuwaona.

Zikasalimiana mara moja. Halafu kimya. Hakuna njia hata moja iliyopita.

"Mzee, umenifungia," nikamwambia kwa simu, naye yuko na tableti yake kando ya kitanda cha mama.

"Mwanangu, nimekupa njia zote. Hebu angalia huko kwako."

"Kwangu kuko sawa! Hii faili ya mipangilio imefanya kazi miaka na miaka!"

Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya usio na kosa lolote. Ikafika saa nne u nusu. Wueh! Nililia, sitaficha. Mzee aliningoja nimalize kelele zangu, ndipo akauliza, "Hiyo programu uliisasisha lini?"

Nikatazama tarehe kwenye mashine. Wiki iliyopita nilikuwa nimeweka toleo jipya, kisha nikabandika faili yangu ya zamani vile vile ilivyokuwa. Toleo la zamani likishamsalimia jirani humwambia kila linachojua. Hili jipya halimwambii kitu, wala halipokei neno lake, mpaka mwenyewe uandike ruhusa: hiki kitoke, hiki kiingie. Na lilikuwa limeniambia tangu asubuhi. Pale ninapotarajia hesabu ya njia palikuwa na neno moja la Kiingereza kwenye mabano, Policy, yaani sera ya ruhusa, na mimi kwa hasira nilikuwa nalipita tu.

Nilishangaa mpaka nikasahau aibu. Mtu fulani, nchi sijui gani, alikaa akafikiria kwamba kuna siku mtu kama mimi atakosea na kupeleka mawasiliano ya wengine kusikostahili, akaamua afadhali chombo kinyamaze. Kilikuwa kinawalinda watu nisiowajua, na kinawalinda dhidi yangu!

Nikaandika mistari michache ya ruhusa. Mara njia zikaingia, zake na zangu, bila mlio wowote. Ngai! Nilisimama wima peke yangu ofisini. Kwenye skrini yangu kanisa likatokea, mchungaji ameshampokea mtoto, na kando yake uso wa mama.

Mama ni mlokole, lakini baraka huzitoa kama alivyopewa na nyanya yake, kwa mate kiganjani. Aliutoa mpira puani, akaiinamia tableti ya mzee na kuitemea, thu, thu. Nikamsikia mzee akicheka na kulia pamoja. Kule kanisani ndugu yangu alimwona kwenye simu iliyokuwa ikirusha ibada. Alikifungua kiganja cha mtoto mbele ya simu, akangoja kidogo, kisha akakikunja.