Betri Yenye Matundu Sita

Asteria hakutaka maneno ya dukani. Alitaka kuona taa inapiga. Kwa hiyo aliibeba taa yake moja ya studio kutoka kwenye kibanda chake karibu na stendi ya Mbinga, kibanda ambamo mwaka mzima hupiga picha za pasipoti za walimu wapya waliotupwa huku kutoka mikoa ya mbali, na ambao bado wana sura ya kuuliza wamemkosea nani. Akaisimamisha katikati ya duka la Zabron, muuza vifaa vya umeme, na wateja wakajipatia sinema ya bure.

"Dada, jenereta hutaki?" Zabron aliuliza.

"Jenereta inatetemesha mpaka meno ya bibi harusi. Na huko naenda kwa mgonjwa."

Ya kwanza kujaribiwa ilikuwa betri ya gari, nzito kama gunia la kahawa lililonyeshewa, pamoja na inverta yake ya kugeuza umeme. Taa ikamulika mara moja. Ilipotaka kujijaza kwa mmuliko wa pili, inverta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikazima. Taa za namna hii hazinywi umeme polepole kama balbu. Zinagugumia, zinapumzika, zinagugumia tena, na kifaa kisichozoea kukaa na walevi kinaanguka mapema. Betri kubwa ya sola ilivumilia vizuri, ila hakuna bodaboda mwenye akili timamu angekubali kuipakia. Taa zenye betri zake ndani Asteria aliziona kwenye simu tu.

Likabaki boksi la umeme la kubeba, jeusi, lenye mpini na kioo kidogo cha kuonyesha vijiti vya chaji. Asteria alimulika, akamulika, mpaka mama mmoja aliyefuata waya wa pasi akauliza kama ni radi. Boksi halikukohoa.

"Na lina matundu sita," Zabron alisema, akiyapapasa kama dalali wa ng'ombe anayeonyesha chuchu.

"Mimi nina taa mbili tu."

"Hayo mengine ni baraka."

Akalichukua. Alikuwa amefikiria nguvu, uzito, barabara, hata mvua. Baraka hakuzifikiria.

Kazi yenyewe alikuwa amepewa na Hedwiga, mtumishi wa serikali huko Songea. Wazazi wake, Mzee Ladislaus na Bibi Serafina, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kukaa kwenye picha moja. Watoto wote walikuwa wanakusanyika kijijini, ufukweni, kusini mwa Mbamba Bay. Kwenye simu Hedwiga alilitaja neno jubilei mara nyingi mno. Mwishoni akashusha sauti.

"Kesho yake tunampeleka baba hospitali ya Litembo. Anapasuliwa tumbo."

Asteria alielewa. Familia nzima ilielewa na hakuna aliyethubutu kusema: picha ya jubilei ilikuwa pia ile nyingine, ile inayosimamishwa juu ya jeneza na kuchapwa kwenye kijitabu cha misa. Ilibidi ifae kwa shughuli zote mbili, na nafasi ya kuipiga ilikuwa jioni ile tu.

Mzee naye alikuwa na sharti. Alitaka apigwe juu ya mawe ya pale ufukweni, jua likizama nyuma yake, saa ambayo enzi zake alikuwa anatoka na mtumbwi kufuata usipa, dagaa wa ziwani. Ombi zuri, ila mtu akilipa jua mgongo, bila taa ya mbele uso wake unatoka mweusi kama chungu cha kupikia. Kwa hiyo kila kitu kilikaa juu ya lile boksi.

Asteria alifika mchana boksi likiwa mapajani, akala usipa na ugali wa muhogo, akataniwa kidogo kwamba Wamatengo kama yeye, watu wa milimani, wakiona maji mengi wanashikilia miti. Kisha akashuka kwenye mawe kupanga taa zake. Akabonyeza swichi. Boksi likasema tii, kioo kikawaka, vijiti vitano vimejaa.

Kijiji kizima hakikuwa na umeme tangu Jumatano.

Wa kwanza kutokea alikuwa shangazi yake Hedwiga, simu mkononi, waya umeshaning'inia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo si lina umeme?"

"Ndiyo, ila ni wa taa."

"Naona matundu yamekaa bure."

Angejibu nini? Mtoto wa mkulima wa kijijini Kitura, amekula chakula cha watu, ameitwa mwanangu, kisha aseme hapana? Laiti angeleta betri ya gari na vile vibano vyake vya chuma, hakuna ambaye angeisogelea. Watu wanaiogopa kama nyoka. Lakini tundu tupu ni kama kiti kitupu mbele ya mgeni, ukishalionyesha umekaribisha. Shangazi akachomeka. Akaja mwenye waya wa kuchajia wenye matawi mengi, simu zikalala kwenye kitenge mchangani kama dagaa wa kuanika. Kijiti kimoja kikaondoka.

Halafu akaja Sixbert, mwalimu wa kwaya ya kigango, na kinanda chake na spika ya ukubwa wa kabati.

"Wimbo mmoja tu, Asteria. Wa kuwapokea wazee."

"Mwalimu, umeme hautatosha."

"Unamnyima Mungu?"

Akachomeka mwenyewe. Na wimbo mmoja wa Sixbert si wimbo mmoja. Kiitikio anakirudia mpaka malaika wenyewe watake kwenda kulala. Spika ikanguruma, akina mama wakapiga vigelegele, na Asteria hakuwa anaona mtu tena. Alikuwa anaona kioo. Vijiti vitatu. Viwili.

Huko juu Mzee Ladislaus alikuwa anashuka. Alikataa kubebwa. Alitembea hatua, akasimama, akashika tumbo kama anayetafuta kitu mfukoni, akatembea tena, na Bibi Serafina pembeni akijifanya ni yeye aliyechoka. Jua lilikuwa limeshaikaribia milima ya ng'ambo. Walipopanda kwenye jiwe na watoto kujipanga nyuma yao, Asteria akajaribu mmuliko mmoja. Taa ikapiga. Kisha mlio wa kujijaza ukaanza, mwembamba, wa kujivuta, haufiki. Kwenye kioo kilibaki kijiti kimoja, kinapepesa.

"Baba hawezi kusimama muda mrefu," Hedwiga alimnong'oneza.

Mzee alikuwa ameshaegemea bega la mkewe.

Asteria alimgeukia Sixbert, akamkazia macho, akatikisa kichwa. Sixbert aliona mtu aliyeguswa na wimbo. Akaongeza sauti.

Basi akainama, akang'oa waya.

Spika ikanyamaza. Sauti za kwaya zikabaki peke yake ufukweni, chache kuliko zilivyodhaniwa, zikayumba, zikasimama.

"Umezima wimbo wa Bwana," Sixbert alisema.

"Nimezima kinanda, mwalimu. Wimbo mnao mdomoni."

Akang'oa na simu zote. Nyuma yake akamsikia shangazi, akielekea kujipanga na wengine, akimwambia mwenzake kwamba huyu si mtu, na kwamba hata ugali alioula ungerudishwa kama ingewezekana. Asteria hakugeuka. Alichomoa taa moja akaiweka kando. Ile iliyobaki akaishusha nguvu mpaka robo, akazima balbu yake ndogo ya kuonyeshea mwanga utaangukia wapi, na kwa kuwa sasa ilikuwa dhaifu, akaisogeza karibu na wazee mpaka mguu mmoja wa stendi ukaingia majini. Hedwiga akavua viatu, akaikumbatia isianguke.

Mmuliko wa kwanza. Mzee alikuwa amefumba macho.

Mlio ukaanza tena. Jua lilishaugusa mlima. Mmuliko wa pili, na watoto wote walikuwa wanamtazama Sixbert anavyokunja waya wake kwa hasira.

Boksi likaanza kulia tii, tii, tii.

"Bado?" mzee aliuliza, midomo mikavu.

"Moja tu, babu. Chaji imebaki kidogo."

"Hata mimi nimebakiza kidogo. Tugawane."

Bibi Serafina alimpiga mkononi, na kabla hajajizuia akacheka. Mzee akageuka kuangalia kinachomchekesha. Asteria akabonyeza.

Taa ikapiga. Boksi likazima lote.

Alikilinda kioo cha kamera kwa kiganja, akakitazama. Nyuso za wote waliojipanga zilikuwepo. Shangazi amenuna mpaka shingoni, Sixbert ametokea pembeni na mdomo wazi, jua jekundu limekaa katikati ya wazee wawili, na Mzee Ladislaus ameinamisha kichwa kwa mkewe, meno yote machache nje, mtu asiye na mpango wa kwenda popote.

Hedwiga alikuja akiwa amelowa hadi magotini. Aliitazama picha. Nyuma yao ndugu walikuwa wanamshusha mzee kwenye jiwe, na sasa alikubali kubebwa.

"Hii haifai," alisema polepole. "Kwa ile... kwa ile kazi nyingine. Padri atasema nini? Baba anacheka hivi."

"Haifai kabisa," Asteria alisema. "Itabidi arudi kutoka Litembo nimpige nyingine."