Mwaka Serikali Ilimfanya Mume Wangu Kijana

Mume wangu Gideon alikuwa mzee kabisa, mzee wa kuheshimiwa hapa Kapseret, mpaka ile Jumapili makanisa yalifunguliwa. Siku hiyo alitoka nyumbani akiwa mzee, akarudi akiwa kijana. Na huo ujana ulimsumbua kuliko corona.

Mtakumbuka vile ilikuwa. Makanisa yalifungwa Machi, tukawa tunaombea nyumbani, sisi na kuku. Ilipofika Julai tukaambiwa tunaweza kurudi, lakini ibada iwe saa moja tu, watu wasizidi mia, na kila anayeingia awe na miaka kati ya kumi na tatu na hamsini na nane. Wengine wabaki nyumbani, ati huu ugonjwa unapenda wazee. Mimi nilikuwa na hamsini na mbili, nikamshukuru Mungu. Gideon alikuwa anakaribia sabini. Lakini kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka wa 1964.

Hiyo 1964 ilitoka wapi? Alipoenda kuchukua kitambulisho alikuwa mtu mzima mwenye ng'ombe zake, ila Mungu hakumpa ndevu. Hata leo kidevu chake ni kama cha mtoto wa shule. Mama yake alikuwa amemwambia tu kwamba alizaliwa ule mwaka viwavi walimaliza mahindi, na karani hakutaka habari ya viwavi. Alimwangalia usoni, akaandika. Mdogo wake Gideon, ambaye ana ndevu mpaka kwa shavu, aliandikiwa 1957. Kwa hivyo kwa macho ya serikali, yule mtoto ambaye Gideon alimbeba mgongoni ndiye kaka yake mkubwa.

Hatukuona shida. Huku kwetu umri wa mwanaume hausomwi kwa kitambulisho. Unasomwa kwa ibinda, yaani rika la wale waliotahiriwa pamoja. Mambo ya huko jandoni sisi wanawake hatuulizi, lakini tunajua wakitoka huko wamekuwa kitu kimoja. Wanakula pamoja, wanachekana bila mtu kukasirika, na mmoja akifa, wenzake ndio wanasimama mbele kusema alikuwa nani. Hapa kwetu rika la Gideon walikuwa wamebaki watatu: yeye, Mzee Nicholas wa ng'ambo ya mto, na Mzee Barmasai mwenye ndevu nyeupe kama pamba.

Basi hiyo Jumapili wote watatu walifika kwa lango la kanisa wamevaa makoti na kofia. Edwin, katibu wa vijana, alikuwa amesimama hapo na ile bunduki ndogo ya kupima joto.

"Poleni sana wazee wangu," Edwin akasema. "Ni amri. Juu ya hamsini na nane hapana."

"Nani amekuambia niko juu?" Barmasai akauliza.

Edwin aliangalia zile ndevu zikitokea juu na chini ya maski. "Mzee, hata maski imeshindwa kuficha."

Nicholas ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Sawa. Tutakaa hapa kwa nyasi tusikie kwa spika. Gideon, kuja tuketi."

Lakini Gideon hakuenda. Alikuwa amekaa miezi bila kanisa, na benchi la mbele ni lake tangu lijengwe. Aliingiza mkono kwa koti akatoa kitambulisho. Edwin akasoma, akamwangalia, akasoma tena.

"Mzee Gideon... una hamsini na sita?"

"Soma vile imeandikwa."

Uongo hakuwa amesema. Lakini ukweli nao ulikuwa umesimama hapo nje na fimbo mkononi.

"Hamsini na sita!" Barmasai akashangaa. "Nicholas, hebu piga hesabu. Ule mwaka tulitahiriwa, huyu alikuwa na miaka ngapi?"

"Minne," Nicholas akasema.

"Na alilia?"

"Sikumsikia."

"Hee! Mtoto shujaa!"

Lango lote lilicheka, hata Edwin na bunduki yake. Gideon akaingia bila kugeuka. Alikaa peke yake kwa benchi la mbele, na wakati wa kuimba, ile sauti yake nzito ambayo hutikisa madirisha sikuisikia.

Tulipotoka, wale wawili walikuwa bado kwa nyasi. Gideon akaenda kuwasalimia. Nicholas alimtazama kwa upole sana, vile mtu hutazama mjukuu.

"Kijana, ibada ilikuwa namna gani? Vizuri. Sasa kimbia uniletee kofia yangu, upepo umeipeleka kwa ua."

Na kijana akitumwa na mzee hawezi kukataa. Mume wangu akakimbia.

Kutoka hapo hakupata amani. Tukialikwa kwa Nicholas, sahani ya Gideon inapelekwa jikoni ale na wajukuu. Wakizungumza mambo ya shamba na yeye akifungua mdomo, Barmasai anainua kidole, "Kijana, ngoja wakubwa wamalize." Siku moja alimuuliza anaendeleaje na masomo, kwa vile shule zimefungwa.

Nilimkuta jioni moja akikamua ng'ombe, na maziwa yanaingia kwa ndoo polepole kama mtu anafikiria kila tone.

"Baba Jemutai," nikamwambia, "ni mzaha tu."

"Mzaha ungekuwa umeisha." Akaendelea kukamua. "Mama Jemutai, mimi nikifa, nani atasimama kusema huyu alikuwa wetu? Edwin?"

Nilitaka kucheka, lakini niliona macho yake nikaacha. Nikamweka kwa maombi tangu siku hiyo, na sikumwombea uzima peke yake. Niliomba arudishiwe uzee wake.

Alijaribu kujirekebisha. Jumapili iliyofuata aliacha kitambulisho nyumbani akaenda kukaa nao kwa nyasi. Wakamfukuza! "Vijana ni ndani. Hapa nje ni pa wazee." Ndani Edwin akasema saa ya kuingia imepita na mia imejaa. Basi akasikiliza neno la Mungu akiwa amesimama karibu na tanki la maji, si ndani, si nje.

Wakati huo wote corona ilikuwa inapanda na kushuka. Wengine walifuata namba kwa redio kila jioni. Sisi tulifuata ndoo ya Muchiri. Muchiri ana duka hapa senta, na yeye ni mtu wa hesabu. Namba zikipanda, anatoa nje ndoo ya maji yenye mfereji na kipande cha sabuni, na hakuna mtu anakaribia mlango bila kunawa. Zikishuka, ndoo inarudi ndani anawekea maharagwe. Kufika Septemba ilikuwa na maharagwe, na maski zote za kijiji zimeshuka kwa kidevu. Novemba maharagwe yakamwagwa kwa gunia haraka haraka, maski zikapanda puani, na tukaanza tena kusalimiana kwa kiwiko. Januari maharagwe. Mimi nilishanunua maharagwe yenye harufu ya sabuni, nikapika, tukala, Mungu ni mwema.

Hiyo sheria ya kanisa nayo ililegezwa, wazee wakaanza kuingia. Nilifikiri mambo yameisha. Lakini Nicholas na Barmasai walipoingia walikaa kwa benchi la mbele, na Gideon alipokuja, Barmasai akamwonyesha nyuma kwa mkono. "Vijana wako kule na gitaa."

Halafu Machi ikafika, ndoo ikatoka nje, na safari hii Muchiri aliweka ndoo mbili. Tukaanza kusikia vifo vya watu tunaowajua. Ndipo chanjo ikaja.

"Mzee Gideon," Muchiri akamwambia siku moja dukani, "chanjo imefika kituo cha afya. Lakini wameanza na wenye miaka hamsini na nane kwenda juu."

Gideon aliweka sukari yake chini. "Hamsini na nane? Hiyo namba inanitafutia nini?"

Tulienda hata hivyo, kwa sababu alisikia wale wawili wanaenda. Tukawakuta kwa benchi, nafasi ya mtu mmoja imeachwa katikati yao kwa ajili ya corona. Walimwitikia salamu, hakuna zaidi. Nesi alikuwa msichana mpole anaitwa Amondi, na mbele yake kompyuta. Alichukua kitambulisho cha Gideon akabonyeza, akabonyeza tena.

"Pole baba. Wewe ni wa hamsini na saba. Utangoja wenzako wa umri wako waitwe."

"Daktari, wenzangu wa umri wangu ndio hao wamekaa hapo."

"Mimi naona, baba. Kompyuta ndiyo haioni."

"Basi waulize."

Amondi akageukia benchi. "Wazee, mnamjua huyu?"

Jamani! Barmasai alishika ndevu na nikaona mzaha unakuja, ameshafungua mdomo. Nikafunga macho nikasema, Bwana, huyu mfunge mdomo kidogo tu. Nilipofungua, Gideon alikuwa amevua kofia.

"Nicholas," akasema, "siku ile niliwaacha nje nikaingia. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nawasikia nyinyi mkikohoa kule kwa nyasi."

Nicholas alirekebisha kofia yake kwanza. Kisha akasimama na fimbo yake, akaenda mbele ya ile kompyuta kama mtu anaenda mbele ya hakimu.

"Daktari, andika. Huyu ni wetu. Tulitahiriwa siku moja. Yeye alisimama katikati, mimi kulia, Barmasai kushoto. Hakutingisika. Aliyetingisika ni Barmasai."

"Mimi?" Barmasai akaruka.

"Wewe."

"Ilikuwa baridi!"

Kituo chote kikaangua kicheko. Amondi alifuta machozi kwa kiwiko. "Mzee, nimekuamini. Lakini hii kompyuta haina mahali pa kuandika tohara."

"Basi hiyo kompyuta haijui watu," Nicholas akasema. "Asipodungwa yeye, na sisi hatudungwi."

"Kweli kabisa!" Barmasai akasema, na tayari ameshachukua kofia yake. "Hatudungwi! Twendeni nyumbani." Hapo ndipo nilijua anaogopa sindano.

Amondi aliwaambia wakae kwanza. Akatueleza kwamba chupa moja ya chanjo inatosha watu kumi, na ikishafunguliwa, itakayobaki jioni inamwagwa. Watu hawakuwa wengi, kwa sababu walikuwa wameambiana mambo ya ajabu kuhusu hiyo sindano. Tukangoja. Tulikula mahindi ya kuchoma. Barmasai alisimama kila mara akisema ng'ombe zake zinalia, na kila mara Nicholas alimshika koti akamketisha.

Jua lilipoanza kushuka, Amondi alitoka akahesabu waliobaki kwa macho, akarudi ndani, akaita, "Kuna za watu watatu kwa chupa na sitaki kumwaga. Kujeni wote."

Aliyetangulia ni Nicholas. Barmasai alifuata akiwa amefumba macho, na Gideon amemshika mkono ule mwingine. Gideon akadungwa mwisho, bila hata kupepesa jicho.

Waliambiwa wakae kidogo waangaliwe, mita moja moja. Hakuna aliyejali mita. Walibanana watatu kwa benchi moja, mikono ya mashati imekunjwa, Gideon katikati.

"Yangu inauma mpaka kwa shingo," Barmasai akasema.

"Yangu pia imeanza," Nicholas akasema. "Gideon?"

"Mimi sisikii kitu."

Wakageuka wote wawili wakamwangalia.

"Sema inauma," Nicholas akamwambia.

"Lakini haiumi."

"Gideon. Sema inauma."

"Inauma," akasema mume wangu. Aliushika mkono wake kama umevunjika, na hata kwa maski niliona vile uso wote ulikuwa unacheka. "Wee, inauma sana."