Kiraka Tulichokiacha

Nakumbuka siku moja ya masika hapa Kalemie, mwanangu, nilipokuwa fundi kijana katika redio ndogo karibu na ziwa. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, na kiini kipya cha mfumo, ile programu ya ndani inayoendesha kila kitu, kiliishinda. Tukabaki na kiini cha zamani. Kila mara watengenezaji walipoziba kasoro katika kile kipya, Papa Sangwa, mkuu wetu, aliamua kiraka kipi tukichukue tukishone kwenye chetu. Si vyote vilivyochukulika, maana kiraka kibaya huchana nguo nzima. Ninyi mna majina marefu ya kazi hii. Sisi tuliiita ushonaji.

Siku hiyo vilikuja viraka viwili vya upande wa kuhifadhi. Kimoja kiliharakisha diski. Cha pili kilitibu kasoro hii: kompyuta inasema imehifadhi, kumbe bado, na umeme ukikatika hapo, kilichorekodiwa kinapotea. Papa Sangwa, mtu mwangalifu kuliko wote niliofanya nao kazi, akachukua cha kwanza.

"Hii ya pili tuiache kwanza," akasema. "Wameandika inatokea mara moja moja tu."

Sasa, kanda kwetu zilikuwa adimu. Tulirekodi, tukanakili kwenye kompyuta, nayo ikisema tayari, tulifuta kanda ili itumike tena. Wiki ile aliimba kwetu Kabibi, binti wa Mama Feza muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kompyuta ikasema tayari, tukafuta kanda, na umeme ukakatika kama ulivyozoea. Uliporudi tuliona jina la faili, "Kabibi", lipo, tukaridhika. Hakuna aliyefungua.

Mwezi haukuisha, homa ikamchukua Kabibi. Baada ya matanga mama yake akaja kuomba asikie sauti ya mwanawe. Tukafungua. Ndani hamkuwa na kitu. Nililia mbele yake, mwanangu, wala sioni haya kukuambia.

Papa Sangwa hakusingizia umeme. "Mama, dawa ilikuwa mu mikono yangu. Mimi njo niliikataa."

Mama Feza aliisogelea kompyuta. Kisha akauliza, "Jina yake ingali mule?"

"Iko, Mama."

"Basi musiifute."

Alipoondoka, mzee akanigeukia. "Nilisoma mara moja moja, sikuuliza: kwa nani? Kwabo walioandika umeme haikatikake. Kwetu ni kila siku." Alikuwa mtu wa utani, lakini tangu hapo sikumsikia akitania tena kazini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakuambia kuna kuta zisizojengeka tena. Ukikaa kuchagua viraka, mwanangu, usikimbilie kinachoongeza mbio. Anza na kinacholinda kilichokwisha kuwekwa, na ukiambiwa jambo ni nadra, lipime kwa umeme wa kwenu.

Faili ile tupu nimeihamisha kwenye kila kompyuta niliyoipata tangu siku hiyo. Nikifa, utaihamisha wewe. Mungu akubariki, na kila atakayekuja kukuuliza alichokiweka kwako, akikute.