Vitambaa vya Altare na Udi wa Harusi

Bomba linakohoa mara mbili gizani, linanyamaza, kisha tone la kwanza linagonga ndoo ya plastiki. Ni saa kumi na moja kasorobo, alfajiri ya Ijumaa. Katika uchochoro huu wa Mji Mkongwe, nyuma kidogo ya Darajani, maji yamekuja.

Eufrasia Mabrouk (58) ameshaamka. Anafunga kanga kiunoni, anampita kwa kunyata mjukuu wake Sichana, aliyelala huku mguu mmoja ukining'inia nje ya kitanda, anaurudisha ule mguu chini ya shuka, anatoka uani.

Mashuka ya wageni yamejaa beseni mbili. Hayagusi. Anaanza na bakuli la kauri lililofunikwa kwa sahani. Ndani yake mna vitambaa sita vyeupe vya kitani, vingine vidogo kama leso ya mtoto.

"Hivi ndivyo Padri anavyofutia kalisi, kikombe cha divai ya misa," anasema kwa sauti ya chini. "Hivi havisubiri zamu nyuma ya shuka la mtu."

Vitambaa hivyo vya altare vinaoshwa kwa maji matatu. Maji ya kwanza hayamwagwi mferejini, maana huenda yakawa na chembe ya komunyo, na kwa imani ya Wakatoliki chembe hiyo ni mwili wa Kristo. Yanatakiwa yarudi udongoni. Tabu ni kwamba uani kwa Eufrasia hakuna udongo, ni sakafu tupu. Mama yake alitafuta njia zamani: nusu pipa la chuma, akalijaza udongo, akapanda mrehani.

Mrehani huo umestawi kweli. Lakini hakuna anayeuchuma. Hata majirani Waislamu wanaotia rehani kwenye nywele, wa pipa hili wanaupita.

Kazi hii ya kanisani haimlipi. Riziki yake inatokana na mashuka ya nyumba za wageni, shilingi elfu moja kwa kila shuka. Mwezi wenye wageni wengi anapata kama laki mbili na nusu, mwezi wa mvua hata nusu yake haifiki. Kwa vitambaa vya altare hajawahi kudai hata sabuni.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake miaka ishirini na sita iliyopita, na mama aliirithi kwa bibi. Jina la Mabrouk ni la babu wa babu yake, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mapadri.

Pamoja na kazi, alirithi jambo moja zaidi. Vitambaa vikishapigwa pasi, hutandazwa juu ya tenga la ukindu, chini yake chetezo chenye makaa, vikafukizwa udi. Ndivyo inavyofukizwa nguo yoyote ya heshima hapa Unguja.

"Kidogo tu," anasema. "Mama alikuwa akisali Baba Yetu mbili, anaondoa."

Udi huo ndio unaoweza kumnyang'anya kazi.

Katika kigango chake, kanisa dogo lililo upande wa Mbweni, waumini wamegawanyika karibu mwaka sasa. Wapo wanaoitwa wa zamani. Hao wanataka nyimbo za Kilatini, komunyo mdomoni, watu wakiwa wamepiga magoti, na wanawake wafunike vichwa. Wapo wa sasa, wanaotaka ngoma, kinanda cha umeme na maombi ya sauti kubwa. Uzio wa mbao waliokuwa wakipigia magoti umeondolewa. Wa zamani wanapiga magoti palepale kwenye saruji.

Eufrasia yuko upande gani?

"Wananiuliza kila siku. Nafunika kichwa, ndiyo, lakini nafunika kwa sababu nimezaliwa Unguja. Nikienda sokoni bila mtandio najiona nimesahau kitu nyumbani. Kilatini nakipenda, ila sijui ninachosema. Na ngoma ikipigwa miguu inacheza yenyewe. Sasa mimi nani?"

Mwezi uliopita aliugua homa, siku tisa hakunyanyuka kitandani. Aliyempikia uji na kumlaza Sichana kwake ni Bi Mwanamkasi Silima, Muislamu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Bi Mwanamkasi aliona vitambaa vimekauka kambani. Akavipiga pasi, akavifukiza.

"Nlimwona mwenzangu hajiwezi," anaeleza Bi Mwanamkasi, aliyeingia uani asubuhi hii bila hodi, kikombe cha chai mkononi. "Nkasema, nguo yenda nyumba ya Mungu, ntie udi wa bei rahisi? Nkatia uliobaki harusi ya binti yangu Bashira. Ule wenye miski. Nkauwacha usiku kucha."

"Usiku kucha!" Eufrasia anashika kichwa.

"Sasa mie ntajuaje, shoga yangu, kama padri wenu ana pua nyepesi?"

Wanacheka, mpaka Eufrasia anajifuta macho kwa pindo la kanga. Ukitazama vizuri, si machozi ya kicheko peke yake.

Jumapili iliyofuata, Padri alipokunjua kitambaa, harufu ilifika benchi la tano. Mama mmoja wa kikundi cha sala alianguka akipiga kelele kwamba majini yameitwa kanisani, kwa vile waganga nao hutumia udi. Misa ilisimama. Baada ya misa Eufrasia alimfuata Padri na kumweleza kila kitu: nani alifukiza, kwa nini, na kwamba yeye mwenyewe hufukiza miaka yote.

Padri, kijana aliyekuja kutoka bara, hakumgombeza. Alimpa sharti.

"Aliniambia, 'Mama Eufrasia, kitambaa hiki hakitakiwi kunukia kitu. Kiwe safi, basi. Ukiweza hivyo, endelea. Usipoweza, nyumba ya mapadri ina mashine ya kufulia.' Akanipa mpaka Jumapili hii."

Maji ya mashine yanakwenda moja kwa moja kwenye bomba la uchafu. Wa zamani waliposikia, walikasirika, wakaandika barua kwa askofu. Ikatafutwa saini ya Eufrasia.

Saa tisa alasiri ya Ijumaa hiyohiyo, anayeileta barua anapiga hodi. Ni Mzee Kosmas Machano, katekista mstaafu, aliyemfundisha Eufrasia katekisimu akiwa binti mdogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea ukombozi wako."

Anakaa kwenye kigoda, anavaa miwani, anasoma kwa sauti. Hoja ya kwanza inasema vitambaa vifuliwe kwa mkono na maji yake yarudi udongoni. Eufrasia anatikisa kichwa kukubali. Ya pili, anakubali. Ya tatu inahusu uzio wa magoti, na hiyo nayo anaikubali. Ya nne inasema vitambaa vitakatifu visiguswe tena na mikono isiyobatizwa, kama ilivyotokea kwa uzembe.

"Hiyo ya nne ni Bi Mwanamkasi," anasema Eufrasia.

"Hatukumtaja jina."

"Mzee, kwa Unguja hii, nani hajui?"

"Eufrasia, wewe ni wetu. Tia saini. Askofu akiisoma, hakuna atakayekugusa."

"Na udi wangu, mtautetea?"

Mzee Kosmas anavua miwani. "Udi si mapokeo ya Kanisa. Mapokeo ni ubani."

"Mama yangu alifukiza udi miaka thelathini. Wewe ulikuwepo, tena ulikuwa unavipokea wewe vitambaa mlangoni."

Kuku wa jirani anavuka uani.

"Nilidhani ni ubani," anasema Mzee Kosmas polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Eufrasia anamrudishia kalamu. "Nisamehe, Mzee. Bi Mwanamkasi aliniosha miguu nikiwa hoi. Nikitia saini hapa, kesho nitamtazamaje?"

"Basi wakileta mashine yao, tusilaumiane."

Anakunja barua, anaondoka bila kugusa chai yake.

Baada ya hapo Eufrasia anapiga pasi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Vitambaa vimekwisha nyooka, lakini pasi inaendelea kupita. Chetezo kiko darini, kimefunikwa kifudifudi.

"Nimewakataa walionitetea, na bado namtii anayetaka kunitoa," anasema. "Labda nimekosea. Wa zamani wananiambia udi wa mama yangu si mapokeo. Wa sasa wananiambia ni majini. Nilichofundishwa na mama, na mama akafundishwa na bibi, kama si mapokeo, kinaitwaje? Niambieni tu jina lake."

Upande wa pili wa ukuta sauti inapazwa. Bi Mwanamkasi amesikia yote.

"Frasia! Basi mie nsifike tena uani kwako?"

"Ufike! Na chai uje nayo!"

Mipango anayo, ila si mikubwa. Sichana ana miaka sita. Baada ya miaka mitatu atapokea komunyo ya kwanza. Siku hiyo Eufrasia anataka vitambaa viwe vimefuliwa na mikono yake, na maji yamekwenda kwenye pipa. Noeli ikipita, atamwomba Padri amsikilize tena kuhusu udi, wakae wawili tu, bila barua wala kikundi.

"Ni kijana mwema. Hajakaa sana na sisi, ndiyo maana. Nitamwambia kidogo tu, Baba Yetu mbili. Asipokubali," anasita, anageuza kitambaa, "asipokubali, sijui."

Jumapili, saa moja asubuhi, kanisa limejaa. Ngoma ziko kushoto. Kulia, Mzee Kosmas na wenzake wamepiga magoti kwenye saruji, na leo hawakumsalimu. Eufrasia amekaa na Sichana benchi la tatu, katikati, mtandio mweupe kichwani, mikono imebanwa magotini.

Padri anakunjua kitambaa juu ya altare. Ni cheupe, hakina hata mkunjo. Mama wa kikundi cha sala ananyoosha shingo, kisha anatulia. Padri anainua macho, anamtafuta Eufrasia, anampa ishara ndogo ya kichwa. Eufrasia anajaribu kutabasamu, na haijulikani kama amefaulu.

Hapo Sichana anasimama juu ya benchi apate kuona. Ananusa, ananusa tena, anamgeukia bibi yake, na kwa sauti inayofika mpaka altare, anasema:

"Bibi, leo hakunukii."