Bakuli la Mbegu za Mchicha

Dada yangu alisema sitaweza. Alisema hivyo mlangoni kwake Manzese, ameshika sufuria ya wali wa nazi, asubuhi ile aliponikabidhi binti yangu, aliyemlea miaka yote niliyokuwa ng'ambo, kwa likizo ya mwisho wa mwaka.

"Uliondoka huyu hajaanza hata kutembea," alisema. "Leo umerudi na stashahada yako, unataka kumpeleka Chamazi akalime. Huyu ni mtoto wa lami. Mchicha anaujua ukiwa umeshafungwa fungu."

Shemeji, aliyekuwa akichomelea geti nje, akainua miwani yake. "Na ule mchanga wa kwako, braza, ni wa kuchanganyia zege. Mie ningeusomba nikauuza."

Dada hakucheka. Akanipa masharti yake: shule zikikaribia kufunguliwa nimrudishe mtoto pamoja na ile sufuria ya wali aliyotupa. Siku hiyo mtoto atasema mwenyewe anataka kuishi wapi. Akisema Manzese, basi nisimsumbue tena.

Nilikubali bila wasiwasi, maana mimi si mtu wa kushindwa. Nilisomea kilimo nikapata stashahada kwa ada niliyoilipa mwenyewe kwa kubeba mizigo Ubungo. Nilikaa Omani miaka minane, nikaotesha nyasi jangwani katika bustani ya hoteli, na wageni walikuwa wakivua viatu ili wazikanyage. Nyumba yangu ya Chamazi, pembezoni mwa jiji, vyumba viwili na baraza, sikumwomba mtu tofali. Mtu wa namna hiyo atashindwaje na mtoto wa miaka tisa?

Nikiikumbuka likizo ile, naiona kama kitu kilichotokea chini ya maji. Asubuhi zilikuja polepole, nyeupe, na harufu ya mchanga ulioloa umande. Binti yangu alikaa barazani, miguu ameikunja asiguse chini, akitazama uwanja wetu kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilimweleza habari za mizizi, mbolea, na jinsi mmea unavyokunywa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Baba," aliniuliza siku ya tatu, "huku hamna chipsi?"

Vifaa vyangu vilikuwa bado bandarini kwenye kontena, kwa hiyo niliazima. Jembe nilipewa na mzee mmoja mchongaji wa vinyago aliyehamia kutoka Mtwara. Mpini wake aliuchonga mwenyewe, laini kama mkono wa mtu. Mbegu za mchicha nilipewa na bibi wa nyumba ya pili, mwenyeji wa pwani hii tangu zamani. Alizitoa kwenye kibuyu chake, nyeusi, ndogo kuliko nukta, akazimimina kwenye bakuli la bati lenye ua jekundu.

Nilipima matuta kwa kamba, nikachora mistari iliyonyooka, nikasia jioni hiyo hiyo. Kisha nikaliosha bakuli kwa sabuni, nikalikausha mpaka likang'aa, na kabla jua halijazama nikalirudisha kwa bibi. Nilijiona mtu makini. Kule nilikotoka, kitu cha kuazima ukikirudisha siku hiyo hiyo unasifiwa.

Bibi alilipokea, akatazama ndani. Akamtazama binti yangu aliyekuwa nyuma yangu.

"Haya, baba," alisema. "Ahsante kwa kuliosha."

Njiani mtoto alitangulia. Tulipofika nyumbani akaingia chumbani, akajifunika kanga mpaka kichwani. Nilimuuliza anaumwa nini.

"Umerudisha bakuli tupu," alisema ndani ya kanga. "Shangazi hafanyagi hivyo. Akiletewa kitu kwenye chombo, anakirudisha na kitu. Hata chumvi. Hata limau moja. Sasa yule bibi anajua sie hatujafunzwa."

Miaka minane ilikuwa imenitoa hilo kichwani, kama maji yanavyosomba mchanga. Nilikuwa nimelisahau hilo, mimi niliyekulia kwenye vyombo vya kupokezana ukuta kwa ukuta.

Siku tano zikapita, matuta yakabaki mchanga mtupu. Asubuhi ya sita nilimkuta binti yangu amechuchumaa tutani, miguu yote mchangani, kwa mara ya kwanza.

"Baba, njoo uone. Wanahama."

Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mrefu, na kila mmoja alibeba nukta nyeusi inayometa. Mbegu za bibi zilikuwa zikitembea, zikipita chini ya kamba yangu, zikizama shimoni moja moja. Tulizitazama muda mrefu, vichwa vyetu vikikaribiana. Nilisikia pumzi yake. Sikutaka msafara ule uishe.

Akasimama, akajipangusa magoti, akaondoka bila kuniaga. Nilimwona akipiga hodi kwa bibi. Aliyosema nilikuja kusimuliwa na bibi mwenyewe, akicheka mpaka anashika ubavu: "Shikamoo, bibi. Naomba lile bakuli tena. Baba alilirudisha vibaya, na mbegu wamekula sisimizi."

Alirudi amelishika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mbegu zilizochanganywa na jivu.

"Bibi anauliza, chuoni hamkufundishwa kuwa jivu linafukuza sisimizi?"

Tulifundishwa, na nilipata alama nzuri sana. Nilikuwa nimesahau tu, nikamwambia hivyo. Alinitazama kwa huruma. Kisha akasia mwenyewe, bila kamba, kwa mkono unaopepea kama anayefukuza usingizi.

Bakuli aliliweka dirishani, mahali ambapo angeliona akiamka. Kuanzia hapo sikumhimiza tena. Alfajiri adhana ikiisha nilisikia ndoo ikigonga ukingo wa pipa. Siku ya nne tuta liliota wekundu hafifu, kama mtu amepumulia mchanga. Hakupiga kelele. Alilala kifudifudi pembeni, shavu chini, akayatazama majani yakiwa usawa wa macho yake, na nikalala upande wa pili. Katikati yetu kulikuwa na msitu wenye kimo cha kucha.

Wiki ya nne tukachuma, tukalipa tulivyoazima. Bakuli la bibi lilijaa mpaka majani yakaning'inia nje. Bibi akalitazama, akamwambia mtoto, "Sasa umerudisha." Jembe la mzee tulilifunga fungu nono kwenye mpini kwa ukambaa wa mgomba. Mzee akaligeuzageuza. "Nimechonga mipini miaka mingi," alisema, "ila wewe, mjukuu wangu, ndiye wa kwanza kunichipushia mmoja."

Ikabaki sufuria. Tulifika nayo Manzese siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, imejaa, imefunikwa kitambaa kibichi. Shemeji alichungulia, akarudi kwenye geti lake. Dada akashika jani moja, akalinusa.

"Mmepitia soko gani?"

"La kwangu," mtoto alisema, akamwonyesha kucha zake.

Tulikula mchicha ule mchana na ugali. Mtoto alimsimulia shangazi yake yote, sisimizi, jivu, hata aibu yangu, nami sikumkatiza. Dada alicheka. Akasema nguo za mtoto zipo kabatini, kitanda chake kimetandikwa, hakuna aliyekigusa tangu aondoke.

Binti yangu alitazama nje. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati.

"Shangazi, leo kuna joto. Nikilala huku, nani atamwagilia?"

Dada aliinuka. Alichukua sufuria, akaiosha, akaingia ndani, na alipotoka ilikuwa imejaa vitumbua alivyopika asubuhi. Hakunipa mimi. Alimpa mtoto.

"Usimwache baba yako airudishe tupu," alisema.